Aliyenitangulia kwenye Njia ya Nairobi

Tangu nirudi kazini, kila anayenikuta kwenye ofisi ya walimu ananiuliza habari za fainali. Nimejibu vipande vipande mpaka juzi nikawasikia watu wawili wakibishana kuhusu safari yangu mwenyewe, na wote wawili walikuwa wamekosea. Kwa hiyo nimekaa leo niiandike mara moja, toka mwanzo. Habari za uwanjani mtaziuliza kwa Kimaro. Mimi sikufika.

Ibighi: ratiba ya Kimaro

Wazo lilikuwa la Kimaro. Kwa marafiki wasiomjua, Kimaro anafundisha hesabu shuleni kwetu, ni mtu wa Rombo, amehamishiwa Tukuyu miaka minne sasa na bado anavaa sweta mbili darasani. Ndiye mtu pekee kati yetu, ukiniondoa mimi, anayejua kwamba raga ni mchezo na si ugomvi.

Mimi niliujua kwa sababu ya mdogo wangu, Lusajo. Aliujifunza alipokuwa akisoma Arusha, kisha akapata kazi Nairobi kwenye duka la vifaa vya ujenzi, na klabu moja ya huko ikamchukua acheze winga. Mwaka huu klabu hiyo ikafika fainali. Lusajo akapiga simu saa saba mchana, katikati ya kipindi, akapiga kelele, "Gwakisa, safari hii usiponiona, usiniite ndugu yako!"

Tumepishana mwaka mmoja na miezi michache. Sura ni moja, kimo ni kimoja, hata mwendo. Hapa Ibighi, mtaa wetu wa Tukuyu, wapo majirani ambao mpaka leo wakiniona wananiuliza nimerudi lini toka Nairobi.

Basi Kimaro akachukua karatasi ya mtihani iliyobaki, akapiga jedwali kwa rula. Jumatano, Tukuyu hadi Dodoma. Alhamisi, Dodoma hadi Arusha. Ijumaa tunaingia Nairobi, jioni nyama choma. Jumamosi saa kumi alasiri, fainali. Jumapili ibada, halafu kutembea mjini mpaka miguu ikatae. Akaandika hadi muda wa kunywa chai. Likizo ya Juni ilikuwa imeanza, hakuna wa kutuzuia.

Jumanne nilimtumia Lusajo ujumbe kwamba kesho tunaondoka. Akajibu, "Poa bro. Njooni tu."

Sisi wawili hatujawahi kuanza ujumbe bila *ndaga*, salamu ya kwetu ambayo pia ndiyo asante, hata tukiwa tumegombana. Niliona kwamba haikuwepo, nikadhani ni shughuli za kambini. Mama, ambaye naishi naye Ibighi tangu baba afariki na nyumba yetu ya Lufingo iuzwe, akaniambia nimwambie Lusajo ale vizuri. Nikalala.

Kyimo

Tulipata lifti ya pikapu iliyokuwa inapeleka maparachichi Uyole. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba dereva aliendesha akiwa ametoa kichwa dirishani. Mashamba ya chai huyaoni, unajua tu yapo kwa harufu. Mtu anatokea mbele ya taa akiwa ameshakaribia bampa, kisha anamezwa tena.

Kyimo dereva akasimama kuongeza makreti. Mama mmoja muuza ndizi, ambaye namfahamu kwa sura tu kwa kuwa mwanawe nilimfundisha, akaja dirishani na kikapu. Akaniona, akacheka.

"Eh, mwalimu! Gari umelipata wapi upesi hivyo?"

"Limetutoa Tukuyu, mama."

"Tukuyu tena? Si umenipita hapa sasa hivi kwa miguu? Nimekuamkia hukuitika."

Nikamwambia amenifananisha. Akaweka kikapu chini.

"Mwalimu, mimi si kipofu. Umesimama pale, umeniuliza njia ya Lufingo. Nikasema huyu mwalimu ananitania, mtu wa hapa hapa ananiuliza njia ya Lufingo. Ukaenda zako na koti huna, na baridi hii."

Kimaro alicheka sana. Dereva akawasha gari. Mimi niligeuka nikaangalia nyuma kupitia kioo, nikaona weupe mtupu.

Mtaniuliza kwa nini sikufikiri ni Lusajo. Nilifikiri. Kabla hatujafika Kiwira nilikuwa nimeshampigia. Simu iliita mpaka ikakata. Baada ya dakika chache ujumbe ukaingia. "Niko kambini bro. Hawataki tupokee simu, meseji tu." Ikawa imeisha. Mtu hawezi kuwa kambini Nairobi akawa pia Kyimo anauliza njia.

Uyole hadi Mafinga

Kwenye basi Kimaro alikaa na mzee mmoja wa Chimala aliyetaka kujua tunakwenda wapi. Kimaro akamweleza raga kwa mikono yote miwili. Mpira una umbo la yai. Unaubeba, unakimbia nao mbele, lakini ukitaka kumpa mwenzako lazima umrushie nyuma.

"Na wale wengine?"

"Wanakuangusha."

"Refa anaona?"

"Anaona. Inaruhusiwa."

Mzee akafikiri mpaka tukapita Igawa. Kisha akauliza, "Sasa kipa anakaa wapi?" Alipoambiwa hakuna kipa aliniangalia mimi kwa huruma, kama mtu anayeona jamaa zangu wameniacha niende na mgonjwa.

Nilicheka pamoja na watu wengine. Nayasema haya ili mjue kwamba mpaka saa ile nilikuwa mzima wa moyo.

Mafinga basi lilisimama kwenye mgahawa uleule linaposimama kila siku ili abiria wapate chakula. Tulikaa kwenye meza ya kona. Mwenye mgahawa, mama mnene aliyejifunga khanga mbili kwa ajili ya baridi, akatoka jikoni, akaniona, akaja moja kwa moja na koti jeusi mkononi.

"Afadhali umepona," akasema. "Jana ulinitia hofu."

Akaliweka koti mapajani mwangu. Akaendelea kusema, akipangusa meza, kwamba jana mchana nilikaa kiti hikihiki, nikaagiza chai, nikaitazama mpaka ikapoa. Basi likapiga honi sikusikia. Kondakta akaja kunishika mkono kama anamwongoza mtoto, nikaondoka nikaacha koti.

"Mama," nikasema, "jana nilikuwa Tukuyu nasahihisha mitihani."

Akaacha kupangusa. Aliniangalia kwanza sikio la kushoto, ndipo akaniangalia usoni.

"Ulikuwa na uvimbe hapa," akasema, akigusa sikio lake mwenyewe. "Mkubwa. Uvimbe ule hauponi kwa siku moja."

Akarudi jikoni na hakutoka tena. Chakula tuliletewa na binti mwingine, naye alituwekea sahani mbali, mwisho wa meza, tukajivutia wenyewe.

Koti nilililinganisha na mabega yangu. Lilinitosha. Mfukoni mlikuwa na karatasi laini iliyofungwa, na ndani yake kile kipande cha plastiki wanachouma wachezaji kulinda meno. Kimaro akakigeuza kwenye mwanga. Alama za meno zilikuwa zimejichora vizuri, meno yote ya juu, isipokuwa moja la mbele. Pale palikuwa na pengo.

Lusajo aling'oka jino hilo msimu uliopita. Kimaro alilijua, maana nilimwonyesha picha. Safari hii hakucheka.

Mtera

Toka Iringa tulishuka kwenye joto, ukungu tukauacha, jua kali, mibuyu na mbuzi kila upande, bwawa la Mtera linang'aa. Nchi nzima ilikuwa wazi, unaweza kumwona mtu akija toka mbali. Nikajikuta nakagua kila anayetembea pembeni ya barabara.

Nilimwandikia Lusajo tena. Safari hii niliandika Kinyakyusa tupu, kama tunavyoongea nyumbani, nikamuuliza mbwa wetu wa utotoni tulimwitaje. Ni swali ambalo Lusajo angelijibu akiwa usingizini, na angeongeza matusi.

Mtandao ulipotea, ukarudi, ukapotea. Tulipokuwa tunapita juu ya bwawa simu ikatetemeka.

"Tutaongea Ijumaa bro. Network."

Nikampa Kimaro asome. Akasoma, akanirudishia simu taratibu.

"Gwakisa," akasema, "huyu anayekujibu ni nani?"

Joto lilikuwa kali na watu walikuwa wamevua mashati, lakini mimi nililivaa lile koti jeusi mpaka Dodoma.

Dodoma

Ipo nyumba ya wageni karibu na stendi ambayo mimi na Lusajo tulilala mwaka jana, ndiyo niliyomwambia Kimaro aiandike kwenye ratiba. Tulifika kabla giza halijaingia. Dada wa mapokezi alikuwa mgeni kwangu, sijawahi kumwona. Aliinua macho kwenye kitabu chake, akatabasamu.

"Karibu tena, kaka Gwakisa."

Kimaro akanishika kiwiko. Nilimuuliza yule dada jina langu amelijulia wapi. Akadhani namtania. Akageuza kitabu cha wageni, akarudisha ukurasa mmoja, akaweka kidole.

Jumatatu. Jina, Gwakisa. Kazi, mwalimu. Anatoka, Nairobi. Anakwenda, nyumbani.

Mwandiko ulikuwa wangu. Herufi G yenye mkia mrefu unaopita chini ya mstari, ndivyo ninavyoandika tangu darasa la pili. Na mtu mmoja tu duniani anaandika hivyo zaidi yangu, maana mimi ndiye niliyemfundisha kuandika, kwa mkaa, kwenye mlango wa jikoni.

"Alikuwa na hali gani?" nikauliza.

"Nani?"

"Huyu aliyeandika hapa."

Akanitazama vizuri sasa. Tabasamu likamtoka. Akasema mgeni yule aliomba chumba cha vitanda viwili ingawa alikuwa peke yake. Jioni alipompelekea maji alimkuta amekaa kwenye kitanda kimoja, ameelekea cha pili, anaongea lugha asiyoijua, anasubiri, anacheka kidogo, anaongea tena.

"Nikafikiri anaongea na simu," akasema. "Lakini mikono yake yote ilikuwa magotini."

Tulitoka nje, tukasimama uani kwenye kamba za mashuka. Kimaro akasema tupige kwa namba yake yeye, ngeni. Tukapiga. Simu ya Lusajo ikapokelewa mara ya kwanza.

"Nani huyo?" Sauti ilikuwa ya kijana, Kiswahili cha Nairobi.

"Mimi ni kaka yake Lusajo. Wewe nani?"

Nilisikia anatembea, mlango unafungwa.

"Boss, nisamehe," akasema. "Naitwa Oti. Nalala room moja na yeye."

Aliyatoa yote kwa pumzi moja, kama mtu aliyekuwa anangoja kuulizwa. Ijumaa kwenye mazoezi Lusajo aligongana na mwenzake, kichwa kwa goti. Alianguka, akainuka, akasema yuko sawa. Akamwomba Oti asimwambie kocha kwamba anaona mbili na kichwa kinapiga, kwa sababu wangemtoa kwenye fainali. Jumapili asubuhi Oti aliamka akakuta kitanda kitupu na simu chini ya mto.

"Kocha alijua?"

"Nilimwambia ameenda kuona dakitari. Nilijua atarudi, boss. Halafu wewe ukaanza kutuma meseji. Nikaogopa. Kila siku nilisema leo atarudi."

Nilitaka kumtukana, nikashindwa, kwa sababu alikuwa analia. Nilimwambia aende kwa kocha sasa hivi amweleze kila kitu, saa aliyogongwa, upande gani, alianguka vipi. Kisha nikampigia mama. Nikauliza kama kuna mgeni aliyefika.

"Mgeni gani? Hajafika mtu," akasema mama. "Mbona unapumua hivyo?"

Nikamwambia nimepanda ngazi.

Kimaro alikuwa tayari ameikunja ratiba yake. Akasema tunarudi wote. Tulibishana palepale kwenye mashuka. Mwisho nilimshinda kwa hoja moja, kwamba lazima mtu afike Nairobi asimame mbele ya kocha na daktari wa klabu, akusanye maelezo na vitu vya Lusajo, maana sikumwamini Oti peke yake. Kimaro akakubali. Akanishika bega, akasema, "Lufingo. Yule mama alisema Lufingo." Nilikuwa nimeshalikumbuka neno hilo tangu kwenye kitabu, lakini Lufingo sikuwa tena na namba ya mtu wa kumpigia.

Kurudi

Alhamisi nilipanda basi la alfajiri na sikula kitu. Mafinga nilibaki kitini. Mwenye mgahawa alitoka akasimama kwenye ngazi ya basi, akawaangalia abiria mmoja mmoja, aliponifikia akauliza kwa sauti ndogo, "Wewe ni yupi?"

"Ni yule wa pili," nikasema. "Wa kwanza ni mdogo wangu, anaumwa."

Akaenda, akarudi na maandazi kwenye gazeti, akayaweka mapajani mwangu, akashuka.

Ukungu tulikutana nao tena juu ya Uyole, kama uliokaa ukingoja. Kyimo nilifika saa kumi na moja jioni. Muuza ndizi alikuwa palepale. Nilimwomba anieleze tena, neno kwa neno.

"Alitoka upande wa Kiwira," akasema. "Nilisikia anaongea, nikajua mko wawili. Alipotokea nikaona ni mmoja. Nikasema mwenzake yuko nyuma kwenye ukungu." Akasita. "Sikumwona huyo mwenzake, mwalimu. Nilimngoja apite, hakupita."

Bodaboda aliyenichukua hakutaka kwenda haraka, njia ilikuwa tope. Nilimshukuru baadaye. Wakati ule nilikuwa namhesabia kila shimo.

Lufingo

Nyumba yetu ilinunuliwa na watu ambao nao waliiuza, na sikuwa nimekanyaga pale miaka saba. Migomba imezidi. Nilishuka kwenye njia, bodaboda akabaki juu. Nilitembea kati ya migomba nikisikia matone yanaanguka kwenye majani, na chini yake sauti ya mtu anayeongea polepole.

Lusajo alikuwa amekaa kwenye kizingiti. Mlango ulikuwa uleule wa bluu. Amejifunga blanketi, sikio la kushoto limevimba, amekonda kwa wiki moja kama mtu aliyeugua mwezi. Aliponiona hakushtuka.

"Umetokaje?" akaniuliza, kwa Kinyakyusa. "Nimekuacha ndani umelala."

Sioni haya kusema niliangalia ndani. Chumba cha kwanza, kile tulichokuwa tunalala, mlango wake ulikuwa wazi. Kitanda kilikuwa kitupu, na blanketi limefunuliwa upande mmoja tu, upande wa ukutani. Ndio uliokuwa upande wangu.

Mwanamke mzee akatoka jikoni na moshi nyuma yake. Akamtazama mmoja, akamtazama wa pili, akajishika kifua.

"Kumbe yupo," akasema. "Huyo anayemuongelesha. Kumbe yupo kweli."

Jina lake ni Bibi Tusekile, mjane, amehamia toka Busokelo mwaka jana, anaishi peke yake. Nilimwamkia, nikajitambulisha. Kiswahili chake kilikuwa cha wazee wa kwetu.

"Alikuja jana," akasema. "Mimi niko ndani. Lile komeo langu wageni hawalijui, unalivuta juu kwanza halafu ndio unasukuma. Yeye amelivuta juu. Ameingia, ameketi, ameniita *juba*."

*Juba* ni mama.

"Nimuambie mimi siye? Nilimuangalia macho, jicho moja kubwa, jicho moja dogo. Nikasema huyu nikimfukuza atakwenda kufia kwenye ukungu. Nikaitika. Nikapika mbalaga, akaniambia, *juba*, weka sahani mbili, Gwakisa hajala. Nikaweka mbili. Simu sina, mvua haikatiki, jirani wamekwenda msibani. Ningefanyaje, baba?"

Ile mbalaga, ndizi na maharage, ilikuwa bado kwenye sahani ya pili, imepoa, imefunikwa.

Nilipiga magoti mbele ya Lusajo. Jicho la kushoto lilikuwa na mboni pana, nyeusi tupu. Nikamwambia twende. Akakataa. Nikamvuta, akashika mwimo wa mlango kwa nguvu za winga, nikaona siwezi.

"Baba hajarudi," akasema. "Alisema tusitoke mpaka arudi."

Baba yetu amelala Lufingo hapohapo, upande wa pili wa migomba, na alama ya kaburi niliiona toka pale nilipopiga magoti. Bibi Tusekile alikuwa ananiangalia. Nikafanya jambo ambalo bado linanikera.

"Baba yuko barabarani," nikasema. "Anatusubiri na pikipiki. Amesema nikuchukue wewe na koti lako."

Uso wake ulifunguka. Akaachia mwimo, akanyoosha mikono, nikamvisha koti kama ninavyomvisha mtoto wa shule. Alimuaga Bibi Tusekile kwa heshima, akimwambia tutarudi kabla ya giza. Bibi akaitikia vizuri tu. Alitusindikiza hadi kwenye njia akiwa amemshika Lusajo chini ya mkono wa pili, na tulipompandisha katikati yangu na dereva, Lusajo akamtazama yule kijana wa bodaboda mgongoni, akaegemeza kichwa pale, akasema, "Shikamoo, tata," yaani baba.

Kijana akageuka. Nilimpa ishara aende. Akaitikia, "Marahaba," akawasha.

Mbeya

Hospitali ya Tukuyu hawakutuweka. Wakampa gari la wagonjwa kwenda Mbeya usiku uleule, na Ijumaa akafanyiwa upasuaji. Daktari alinieleza kwamba damu ilikuwa inavuja polepole ndani ya fuvu, inabana ubongo kidogo kidogo, na kwamba mabadiliko ya akili, kuona watu, kuchanganya miaka, yote yanatokana na hapo. Aliniuliza mgonjwa alisafiri na nani toka Nairobi. Nikasema peke yake. Akaacha kuandika.

"Mpaka wa nchi, mabasi matatu, siku tatu? Katika hali hii?" Akatikisa kichwa. "Kuna mtu alikuwa anamwongoza, mwalimu. Uliza vizuri."

Mama alikuja Ijumaa. Nilimweleza kila kitu isipokuwa neno *juba*. Alilipata Jumapili, Bibi Tusekile alipokuja na kikapu kumwangalia mgonjwa na kulisema mwenyewe, bila kujua. Mama akasogea kwenye benchi, akampa nafasi akae.

Kuhusu fainali, Kimaro alinipigia Jumamosi jioni, kelele zikiwa nyuma yake. Klabu ya Lusajo ilishinda. Oti alicheza, akafunga, akatoka uwanjani bila kushangilia. Kocha aliongea nami kwa simu ya Kimaro, mtu mzima anayetafuta maneno. Nilimsikiliza. Sikuwa na nguvu ya kumsamehe mtu wala ya kumlaumu.

Lusajo alifumbua macho Jumapili na akanijua. Jumatano akaweza kukaa. Ilibidi nimwambie mimi, kabla daktari hajamwambia, kwamba hatacheza tena. Alifuta uso kwa shuka, akasema, "Nilijua nilipoanguka." Kisha akataka kujua alifikaje nyumbani, maana baada ya Namanga alikuwa na giza tupu lenye vipande vipande.

Nikamsimulia. Nilimpa kila kituo kama nilivyokikuta, kitabu cha wageni, chai iliyopoa, kondakta aliyemshika mkono, njia ya Lufingo. Mama alikuwa upande wa pili wa kitanda anamenya chungwa. Lusajo alisikiliza kama anasikiliza habari za mtu mwingine, mpaka nilipofika kwenye sehemu ya Dodoma, kwamba nilichelewa siku mbili.

"Wewe?" akasema.

"Mimi. Nilikuwa nakuja huko wakati wewe unakuja huku. Tulipishana."

Akanitazama, macho yote mawili sasa yakiwa sawa, hana homa, ana akili zake zote.

"Hatukupishana," akasema. "Ulinipokea Namanga. Ulikaa dirishani toka Arusha na ukakataa kunipisha. Mafinga mimi nimeshindwa kunyanyuka, ukaniambia mshike kondakta mkono, usiogope. Kyimo uliniambia uliza njia, mimi nimeisahau."

Nilifungua mdomo. Mama akaacha kumenya. Alinitazama toka ng'ambo ya kitanda, akatikisa kichwa mara moja, kidogo sana.

"*Ndaga*, Gwakisa," Lusajo akasema. "Sikuwa nimekushukuru."

Nikafunga mdomo. Nikamshika mkono, nikapokea shukrani za safari ambayo sikuisafiri.